Jani na Bei ya Mafuta: Usanisinuru Bandia, 1912 hadi Miaka ya 1980

Historia ya usanisinuru bandia, yaani juhudi za kuiga jani ili kutengeneza fueli kwa mwanga wa jua, aghalabu huanzia kwa Giacomo Ciamician, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, kisha huruka miaka 60 hadi Japani, kana kwamba wazo moja lilirithiwa bila kukatika. Masimulizi hayo huficha swali la msingi: kwa nini wazo hilo lilikaa muda wote huo pasipo mrithi?

Septemba 1912, katika kongamano la kimataifa la kemia tumizi mjini New York, Ciamician alieleza kwamba makaa ya mawe ni nishati ya jua iliyohifadhiwa na mimea ya kale, na kwamba akiba hiyo ina mwisho. Alipendekeza viwanda visivyo na moshi vijengwe katika maeneo kame, ambako kilimo hakistawi, ili kemia ifanye kazi ifanywayo na majani. Hayakuwa maneno ya mtu asiyeijua maabara: yeye na Paul Silber walikuwa wametumia miaka mingi kuanika chupa za kemikali juani. Tena alikuwa seneta wa nchi yenye uhaba wa makaa ya mawe. Lakini mafuta ya petroli yalizidi kupatikana kwa bei nafuu, na hoja yake ikakosa nguvu.

Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyochimbuka katika elektrokemia ya nusukipitishi, si katika mafundisho ya Bologna. Mwanga ulipoangukia elektrodi ya dioksidi ya titani iliyounganishwa na ya platinamu, maji yaligawanyika kuwa oksijeni na haidrojeni. (Jani nalo hugawanya maji, ila haidrojeni yake huishia katika sukari.) Hata hivyo, dioksidi hiyo hunasa miale ya urujuanimno tu, sehemu ndogo ya nishati ya jua ifikayo ardhini. Kwa kigezo cha ufanisi peke yake, ni vigumu kueleza msisimko uliofuata. Kilichoueleza ni vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973: kufikia Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda takriban mara nne.

Katika miaka ya 1980 mafuta yalishuka bei, na serikali ya Marekani ikapunguza fedha za utafiti wa nishati ya jua.