Maji yanaacha alama: toka njia ya misafara mpaka chemchemi zetu za leo



Kila kiangazi, toka mwezi wa sita mpaka wa nane, ulizo ni lile lile katika vijiji tunavyotembelea huku Fizi: maji iko wapi? Safari hii tunalijibu kwa njia ya historia, juu historia hiyo iko na faida ya leo. Wazee wetu walijua kupata maji bila mashine na bila karatasi ya enjinia. Walisoma miti, ndege, mchanga na mawe. Elimu ile ndiyo iliyopanga vijiji vyetu. Vita na ukimbizi viliikata katikati. Sasa tumerudi kujenga, tunaihitaji tena, lakini inafaa tujue pia inaishia wapi.

Njia ya kiu

Kiswahili chetu chenyewe kilifika huku kikifuata visima. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora mpaka Ujiji. Toka pale wengine walipanda na ziwa mpaka Uvira, ambako Burton na Speke walifika kwa mitumbwi mwaka 1858. Wengine walivuka Tanganyika wakaingia Maniema mpaka Kasongo na Nyangwe. Si wote waliotembea njia ile kwa kupenda, lakini wote walitembea kwa kipimo cha maji.

Sehemu iliyoogopwa sana ilikuwa Mgunda Mkali, pori kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi. Wapagazi walikuwa na mpango wao, waliuita telekeza. Walipika na kunywa fasi yenye maji, wakajaza vibuyu, halafu wakaondoka mchana jua likianza kushuka. Usiku walilala porini bila kisima, na asubuhi mapema wakaendelea mpaka kwenye maji ya mbele. Kwa hiyo safari ndefu kuliko nguvu ya mtu mwenye kiu waliikata vipande viwili, na jua kali halikuwakuta mbali na maji. Hesabu hiyo ilitaka kiongozi anayejua kisima kiko wapi, na ambaye kikikauka anajua kutafuta kingine.

Tena visima vilikuwa na wenyewe. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa msafara uliotaka kupita na kupata maji na chakula. Ugomvi wa maji si jambo la juzi.

Alama ambazo wazee walisoma

Ya kwanza ni mkuyu. Mizizi yake inapenda udongo wenye maji, njo maana unauona kando ya mito na mabonde. Mkuyu mkubwa wenye majani mabichi katikati ya kiangazi, wakati majani ya jirani yake yamekwisha kukauka, unaonyesha kwamba chini yake kuna kitu. Matete na mafunjo yanasema zaidi: huko maji yako karibu kabisa na uso wa udongo. Kipande cha matete peke yake kwenye mteremko, fasi ambapo hakuna mto, mara nyingi ni chemchemi iliyojificha.

Kisha wanyama. Ndege wanaokula mbegu, kama njiwa, wanapaswa kunywa kila siku, kwa kuwa chakula chao ni kikavu. Ukiwaona asubuhi au jioni wanakwenda makundi kwa makundi upande mmoja, fuata upande ule. Mwewe usimfuate, yeye anapata maji ndani ya nyama anayokula. Nyuki hawakai mbali sana na maji. Njia za wanyama zinazokutana na kushuka pamoja, na sauti ya vyura usiku, ni ushuhuda mwingine.

Mto mkavu nao haujafa. Maji yanakimbilia chini ya mchanga, na yanabaki zaidi kwenye kona, upande wa nje ambako mto ulichimba sana, au pale jiwe gumu linapoyazuia. Tembo na nyani wanajua hiyo, wanachimba, na binadamu anachimba kama wao. Maji ya kwanza yana tope. Yanatolewa, mtu anangoja, na yanayofuata yanakuwa meupe kidogo.

Kwetu kati ya milima ya Itombwe na ziwa, somo kubwa ni mguu wa mlima. Mvua inanyesha juu, inaingia ndani ya udongo, inashuka polepole mpaka inagonga mwamba au udongo mgumu, halafu inatafuta mlango chini. Mlango huo ndio chemchemi. Hata majina yetu yanakumbuka maji: katika sekta nne za Fizi, Mutambala ni jina la mto na Tanganyika ni jina la ziwa.

Elimu inakatika

Mwaka 1996 vita ilipofika, watu walivuka ziwa mpaka Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule, Lugufu mwaka uliofuata. Kule maji yalikuwa ya robine: unapanga bidoni kwenye mstari, unangoja saa yako. Robine ile iliokoa maisha, hatuwezi kuisema vibaya. Lakini mtoto aliyezaliwa kambini alijua maji kama kitu kinacholetwa. Hakupelekwa na babu yake kuona mkuyu.

HCR ilipoanza kurudisha watu kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka, mwaka 2005, mtoto huyo alikuwa anakaribia miaka kumi. Leo ni baba au mama wa familia. Njia za chemchemi zilikuwa zimefunikwa na majani, na katika vijiji vingi waliozifungua upya ni wazee wachache waliokumbuka mti fulani au jiwe fulani. Wazee hao wanapungua kila mwaka.

Alama haisemi kama maji ni safi

Hapa tuwe wakweli. Mkuyu unasema maji yapo, hausemi kwamba ukinywa utabaki mzima. Mwezi wa saba 1994, zaidi ya watu 500,000 walikimbia toka Rwanda na kuingia upande wa Goma kwa siku chache. Kule chini ni mawe ya volkeno: kuchimba kisima ni shida, kuchimba choo ni shida. Watu waliteka maji ya ziwa Kivu. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera na kuhara damu. Mwezi wa tano 2015, wakimbizi wa Burundi waliokuwa wanangoja meli Kagunga, kando ya ziwa letu hili, walipatwa na kolera vilevile.

Kolera haina rangi wala harufu. Maji meupe kama kioo yanaweza kuwa nayo. Elimu ya wazee ilikuwa ya watu wachache wanaoishi mbali mbali. Leo tunajenga nyumba kwa nyumba, na choo cha jirani kinaweza kuwa juu ya kisima chako. Kwa hiyo alama ya mzee inatupeleka kwenye maji, na kazi ya kuyalinda inaanza pale.

Tunachoomba

Kwa wanachama: kiangazi hiki, kila kamati itembee na wazee wake, wanaume na wanawake, juu wamama ndio walioteka maji na wanajua chemchemi isiyokauka. Vijana waandike. Mkuyu ulio kwenye chemchemi usikatwe kwa makala, na mteremko ulio juu yake usigawanywe parseli. Choo kikae mbali na maji, angalau mita 30, tena upande wa chini. Na maji ya kunywa tuyachemshe au tuyatie klori, hata yakiwa meupe.

Kwa wafadhili: pampu ikiharibika na kipuri hakuna, kijiji kinarudi ziwani. Chemchemi iliyojengwa vizuri kwenye mguu wa mlima inashusha maji yenyewe, bila mafuta na bila pampu. Kabla ya kutuma mashine ya kuchimba, ulizeni kwanza kama kijiji kina mzee anayejua pale maji yanapotokea. Mkimkuta, anzeni naye.