Kichwa cha Dawa

Katika maduka ya dawa muhimu ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, dozi huandikwa kwa kalamu juu ya kibahasha: 2 x 3. Muuzaji huisoma kwa sauti, "Viwili, kutwa mara tatu," na mteja huondoka ameelewa. Kibahasha hicho kinahesabu vidonge na nyakati za kutwa. Siku za mwezi hakizihesabu, na ugonjwa tunaouzungumzia hapa hupimwa kwa siku.

Vitabuni unaitwa maumivu ya kichwa yatokanayo na matumizi ya dawa kupita kiasi. Uainishaji wa kimataifa wa mwaka 2018 unaueleza hivi: mtu mwenye kipandauso au maumivu mengine ya kichwa ya tangu zamani hufika mahali kichwa kikamuuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, huku kwa zaidi ya miezi 3 akimeza vidonge vya kutuliza maumivu mara kwa mara. Kwa parasetamo au aspirini tupu, mpaka ni siku 15 kwa mwezi. Kwa kodeini, tramado au vidonge vilivyochanganywa na kafeini, ni siku 10 tu.

Jina hilo ni refu, lakini urefu si kasoro yake kubwa. Mwambie mama anayetoka kupalilia maharage kwamba amepitisha kiasi, atakataa, na ana haki. Amefuata kibahasha. Kwake yeye kupitisha kiasi ni kumeza vidonge kumi kwa mkupuo mmoja. "Matumizi mabaya" ni tafsiri mbaya zaidi, kwa sababu inamweka kundi moja na watumiaji wa dawa za kulevya, na mtu aliyeaibishwa hasemi kweli tena mbele ya mganga.

Mgonjwa mwenyewe ana maelezo yake: mwili umezoea dawa. Yana ukweli ndani yake, maana dawa ikiingia kila siku njia za maumivu ubongoni huwa nyepesi kuamka. Ila yanampeleka pabaya. Dawa ikishazoeleka watu hutafuta iliyo kali zaidi, basi anaacha parasetamo na kuhamia diklopa. Kigoma ni mkoa wenye malaria nyingi, hivyo kichwa kikigonga hushukiwa malaria kwanza. Kipimo cha haraka kikionyesha hana, anarudi nyumbani na vidonge vilevile.

Neno linalofaa limo tayari katika usemi wa kila siku, likigeuzwa tu. Dukani watu huomba "dawa ya kichwa". Basi maumivu yanayoletwa nayo yaitwe kichwa cha dawa. Tanzania ilipoacha kutumia SP kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2006 na kuleta tiba mpya, jina lililoshika ni dawa mseto, lenye kuazima chungu cha wali na choroko, na hakuna aliyehitaji kamusi. Kichwa cha dawa nacho kitaeleweka hivyo. Hata muuguzi anayemfafanulia bibi kwa Kiha hatapata taabu: kichwa kwao ni umutwe.

Jina likieleweka, tiba huanza kwa mazungumzo. Nchini Norway, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafundisha madaktari wa kawaida kuuliza maswali machache, kumweleza mgonjwa kinachoendelea na kumshauri apunguze dawa. Baada ya miezi 3, nusu ya walioshauriwa hawakuwa tena na maumivu sugu. Kwa wasioshauriwa ilikuwa asilimia 6. Hapa kinachohitajika ni kalenda ya ukutani na kalamu: alama moja kwa kila siku iliyomezwa dawa, bila kujali ni kidonge kimoja au sita. Na kwenye kibahasha iongezwe namba ya tatu: 2 x 3, siku 2 kwa wiki.

Parasetamo na wenzake huweza kuachwa kwa mkupuo. Kodeini na tramado hupunguzwa kidogokidogo chini ya uangalizi, na mjamzito anayeumwa kichwa, au mwenye shingo iliyokakamaa, awahi hospitali. Kwa wengine, kati ya siku ya 2 na ya 10 baada ya kuacha dawa, kichwa hupanda kuliko awali, pamoja na kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Hilo lisemwe mapema, siku ile ile ya kwanza, kwani asiyeambiwa ataamini ugonjwa umezidi na jioni atakuwa tena dukani. Nafuu huja taratibu, hadi miezi 2.