Handaki Katika Udongo Laini

Mji wa Chicago umejengwa juu ya mfinyanzi laini wa rangi ya buluu. Katika mfinyanzi huo, tangu mwaka 1899, yalichimbwa mahandaki ya mizigo chini ya barabara, hata urefu wake wote ukakaribia kilometa 97. Wachimbaji waliukata udongo kwa visu. Ugumu haukuwa katika kuukata. Ulikuwa katika kuuzuia usisogee.

Disemba 1938 ilipoanza kuchimbwa njia ya reli ya abiria, majengo marefu yalikuwa yamesimama juu yake. Mtaalamu wa udongo Karl Terzaghi aliitwa kushauri, naye kijana Ralph Peck akatwaa kazi ya kupima. Vipimo vilionyesha kuwa udongo uliosogea kuingia shimoni ulikaribia kulingana na bonde lililofanyika juu ya barabara.

Lakini hilo ni deni la siku za kwanza tu. Lililobaki hulipwa kwa miaka. Sababu yake Terzaghi alikwisha kuieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1925, baada ya kufundisha Istanbul. Mfinyanzi ni chembe ndogo mno, na maji yamejaa baina yake. Handaki likipita, udongo wa kando huvurugika na maji hubanwa. Hayana njia pana ya kutokea, basi hutoka polepole mno. Na kadiri yatokavyo, chembe husogeleana na ardhi hutitia. Tena ukuta wa handaki ukivuja, handaki lenyewe huwa mfereji unyonyao maji ya jirani, na mwisho wa kutitia huzidi kuwa mbali.

Kule Grimsby, Uingereza, wapimaji waliirudia ardhi iliyo juu ya handaki la maji machafu kwa muda wa miaka 11. Waliona ikiendelea kushuka, na bonde likipanuka. Mimi nawastahi wapimaji hao kuliko wachimbaji wengi, maana kurudia jambo ambalo watu wote wamekwisha lisahau ni kazi isiyo na shangwe.

Kuna haki za watu ndani yake. Mwenye nyumba akiona ufa mwaka wa saba, mkandarasi amekwisha lipwa na kwenda zake. Vipimo vikiwa vilikomeshwa siku ya ufunguzi, mwenye nyumba atadai kwa ushahidi gani, ila ukuta wake?