Robert Jordan na Wasomaji Waliochoka Kungoja

Wapo waandishi wanaopendwa na wapo wanaochukiwa, na mara nyingi mambo huishia hapo. Robert Jordan ana mkasa wake peke yake. Wasomaji wake walimnunua na kumlaani kwa pumzi moja, kisha kitabu kilichofuata kilipotoka wakawa wa kwanza dukani. Hali hiyo ilidumu miaka 23, tangu Januari 1990 hadi Januari 2013, na mimi kwa kweli mkasa huo wa wasomaji unanivutia karibu sawa na riwaya zenyewe.

Jina alilopewa na wazazi ni James Oliver Rigney, Jr. Alizaliwa mwaka 1948 Charleston, jimbo la South Carolina, Marekani. Alipigana Vietnam mara mbili, akiwa mpiga bunduki katika helikopta, akarudi na nishani. Akasoma fizikia, akawa mhandisi wa nyuklia. Uandishi aliuanza mwaka 1977, baada ya kuumia goti na kulazwa hospitali muda mrefu kiasi kwamba aliishiwa na vitabu vya kusoma. Kwanza alitoa riwaya ya kihistoria kwa jina jingine la kubuni, halafu akaandika vitabu kadhaa vya Conan, yule shujaa wa mapanga aliyebuniwa na mtu mwingine. Kazi ya kibarua, tuseme. Lakini kibarua kilimfundisha kumaliza kitabu, na wengi wetu hatujafika hata hapo.

Kisha likaja gurudumu. The Eye of the World, juzuu ya kwanza ya mfululizo wa The Wheel of Time, ilitoka Januari 1990 kwa kampuni ya Tor. Kwa asiyeijua, habari yenyewe ni hii: kijana wa kijijini, Rand al'Thor, anagundua kwamba yeye ndiye aliyetabiriwa kupambana na yule Mwovu. Hadi hapo hakuna jipya, Tolkien alikwisha kupita njia hiyo tangu 1954. Jipya liko kwenye uganga wenyewe. Katika dunia ya Jordan nguvu za uganga zina pande mbili, ya wanawake na ya wanaume, na ile ya wanaume imetiwa sumu. Kila mwanamume anayeitumia huishia kuwa mwendawazimu. Kwa hiyo wanawake ndio wanaoshika mamlaka, na yule kijana anayetakiwa kuiokoa dunia anajua kwamba akili yake itaoza akiwa kazini. Sioni ajabu kwamba wazo hilo lilimtoka mtu aliyeshika bunduki Vietnam. Soma mwisho wa juzuu ya sita, Lord of Chaos, ule ushindi unaonuka damu hadi msomaji anaona haya kushangilia, halafu uniambie huyu bwana alikuwa anatutafutia burudani tu.

Ugomvi wote, kwa maoni yangu, umejificha kwenye kalenda. Vitabu sita vya kwanza vilitoka kati ya 1990 na 1994. Vinene vyote, tena vitamu. Cha saba kikaja 1996, cha nane 1998, cha tisa 2000, cha kumi 2003, cha kumi na moja 2005. Miaka ya kungoja ikawa inarefuka huku mambo yanayotokea ndani ya kitabu yanapungua. Mwaka 1996 gazeti la The New York Times lilikuwa limemweka Jordan safu moja na Tolkien, na The Path of Daggers ya 1998 ikaingia kwenye orodha ya gazeti hilo moja kwa moja ikiwa namba moja. Manung'uniko yalipanda na mauzo yakapanda. Mchapishaji gani angemwambia apunguze maneno?

Juzuu ya kumi, Crossroads of Twilight, ndiyo iliyowachoma watu. Juzuu ya tisa ilikuwa imefungwa na tukio kubwa ajabu, tukio linalobadilisha dunia nzima ya hadithi ile. Msomaji akangoja zaidi ya miaka miwili ajue kilichofuata. Akafungua kitabu cha kurasa zaidi ya 600, na sehemu kubwa inamweleza wahusika wengine walikuwa wapi siku ile ile, walivaa nini na walikunywa chai gani, huku wakihisi kwa mbali kwamba kuna jambo linatokea huko. Loh! Sisi tuliokulia kwenye hadithi za magazeti zinazokatwa kwa neno "itaendelea" tunaijua hasira hiyo, ingawa ya kwetu ilikuwa ya wiki moja.

Malalamiko mengine yalikuwa ya siku zote. Nynaeve na msuko wake wa nywele, anauvuta kila akikasirika, na hukasirika kila ukurasa. Wanawake wanaokunja mikono chini ya matiti. Wanaume wanaodai hawawaelewi wanawake, wanawake wanaodai wanaume wote vichwa vigumu. Hapa wasomaji wenyewe walikuwa kambi mbili. Wengine walimsifu kwa kuwapa wanawake majeshi, viti vya enzi na akili ya siasa wakati riwaya nyingi za njozi zilikuwa zinawaweka mnarani wangoje kuokolewa. Wengine wakasema sawa, wamepewa mamlaka, mbona wote wana ulimi ule ule? Mimi nasimama na hawa wa pili, ila nakiri kwamba bila Jordan pasingekuwa na wanawake wengi kiasi hicho wa kuwalinganisha.

Lakini yapo maneno mawili nayakataa. La kwanza, eti alirefusha kwa ajili ya pesa. Mtu wa pesa anarudia kile kile kilichouza, na kilichouza kilikuwa safari, mapigano na mwisho wa kishindo. Jordan aliviacha hivyo akaenda kukaa kambini na watu wadogo wadogo. Wahusika wake wenye majina wanapita 2,000, na ukisoma unaona wazi kwamba alikuwa anawapenda, hakuna aliyekubali kumwacha njiani. Hiyo ni kasoro ya mwandishi, nakubali, lakini ni kasoro ya mapenzi. La pili, eti mhariri wake alikuwa mkewe, Harriet McDougal, hivyo hakuna aliyethubutu kukata. Huu ni umbea wa kivivu. McDougal alikuwa mhariri mwenye jina Tor, na Ender's Game ya Orson Scott Card ilipita mikononi mwake. Aidha, vile vitabu vya mwanzo ambavyo watu wanaapa kwavyo, nani alivihariri? Ni yeye huyo huyo.

Ukichunguza wasomaji waliomfikia baadaye, mfululizo ukiwa umekamilika, utaona wanazungumza lugha nyingine kabisa. Wanasema juzuu ya kumi inachosha kidogo, wanaimaliza kwa wiki moja, wanaendelea. Kitabu ni kile kile, herufi kwa herufi. Wale wa 2003 walikuwa wanahukumu kitabu pamoja na miaka ya maisha yao iliyopita wakikingoja, na sidhani hesabu hizo mbili zinaweza kutenganishwa.

Kulikuwa pia na mzaha mchungu: huyu mzee atakufa kabla hajamaliza. Machi 2006 Jordan akatangaza kwamba ana ugonjwa wa nadra wa damu unaoharibu moyo. Mzaha ukakauka midomoni. Alikuwa ameahidi kwamba juzuu ya kumi na mbili ndiyo ya mwisho, hata kama wasomaji watalazimika kuibeba kwa toroli. Akaendelea kuandika, akiwasimulia jamaa zake mambo yatakavyokwisha. Alifariki tarehe 16 Septemba 2007, ana umri wa miaka 58.

McDougal akamchagua Brandon Sanderson amalizie. Kijana aliyezaliwa 1975, aliyekuwa ameisoma The Eye of the World akiwa shuleni bado. Ile juzuu moja ya mwisho ikageuka tatu: 2009, 2010 na 2013, jumla kumi na nne. Sanderson anakwenda mbio. Mafundo yaliyokaa miaka kumi anayafungua kwa sura mbili tatu. Na hapo, msomaji wangu, ndipo binadamu alipojionyesha: baadhi ya wale wale waliotukana mwendo wa kobe wakaanza kuulilia. Wakasema Mat hachekeshi tena kama Mat, sentensi zimekuwa nyepesi, harufu ya ile dunia imepotea. Kuhusu Mat walikuwa na haki, na Sanderson mwenyewe alikubali kwamba mwanzoni hakumpatia.

Mwaka 2014 mfululizo mzima uliingizwa kwenye tuzo ya Hugo kama riwaya moja, jambo lililozua zogo jingine, ukashindwa na Ancillary Justice ya Ann Leckie. Kampuni ya Amazon ikautengenezea filamu ya vipindi kuanzia 2021, ikaisitisha 2025 baada ya misimu mitatu. Hapo napita haraka, skrini si uwanja wangu.

Ukurasa wa mwisho wa yote aliuandika Jordan mwenyewe kabla ya kufa. (Ambaye hajafika huko aache hapa.) Vita vimekwisha, Rand amepoteza nguvu zake za uganga. Anapanda farasi, anatia tumbaku kwenye kiko, anakosa moto. Anafikiria tu kwamba kiwake, na kiko kinawaka. Inawezekanaje? Hakuna maelezo, na Sanderson hakuongeza hata neno moja la kufafanua. Jordan, ambaye naye alikuwa mvutaji wa kiko, alimaliza kurasa elfu nyingi za maelezo kwa kutuachia jambo moja bila maelezo, na wasomaji wake bado wanaligombania.