Ukumbi Huanza na Kuuliza

Ukipanda kutoka Muheza kuja kwetu Amani, utapita majengo mengi ambayo mwenyeji hakuulizwa yajengwe wapi wala ya nini. Stesheni ya Sigi, ambako wageni wa hifadhi ya msitu wa Amani hupokelewa siku hizi, ilikuwa mwisho wa reli ya Wajerumani iliyoanzia Tengeni na kushusha mbao za msitu wetu. Huko juu, mwaka 1902, walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia. Waingereza wakairithi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, utafiti wa kilimo ukahamia Muguga, Kenya, na watafiti wa malaria wakashika nafasi.

Babu alitusimulia habari za kipande, kadi ya kazi ya wakati wa Wajerumani. Utaratibu huo ulianza mwaka 1907 katika wilaya jirani ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo: mtu alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Waliokuwa na utaratibu kama huo hawakuwa na haja ya maoni ya mtu. Walihitaji mikono tu.

Baada ya uhuru mikono ilitakiwa tena, lakini safari hii mwenye mikono akapewa na sauti. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikipa kijiji mamlaka yake, na Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ikasimika mkutano mkuu, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiozidi 25, inawajibika kwake. Kwa maandishi, hakuna mkubwa kijijini kuliko mkutano huo.

Nimeandika mihtasari ya mikutano kijijini kwetu, na najua kwamba mkutano mkuu peke yake hautoshi. Wanaosimama kusema ni wale wale. Kwa hiyo, wazo la ukumbi lilipoletwa, tulizunguka kwanza kitongoji kwa kitongoji. Wazee walitaka mahali pa kukaa na wafiwa mvua inaponyesha, na Amani hunyesha kweli kweli. Vijana walitaka televisheni ya mpira. Kina mama walitaka sakafu kavu ya kupimia watoto uzito, na choo chenye mlango unaofungika. Hilo la mlango lilisemwa kwa sauti ya chini, nyuma kabisa, na mama mmoja aliyekuwa na kapu la iliki miguuni. Nililiandika kama alivyolisema.

Kitongoji cha wachuma chai, ambao wazee wa wengi wao walitoka Nyanda za Juu Kusini, kiliuliza swali moja: je, na sisi ni wenyeji? Tulijibu kwa sheria. Anayekaa hapa ni mkazi, na mkazi ni mjumbe.

Kiwanja ndicho kilichotutoa jasho. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa na hekta 8,380, iko upande mmoja. Mashamba ya chai yako upande wa pili. Ardhi ya kijiji imebanwa katikati, na kila kipande kina migomba ya mtu. Mahali kama hapa, kuchagua kiwanja ni kumwomba jirani atoe riziki yake. Mtu huyo haombwi hadharani mbele ya umati utakaompigia makofi kabla hajajibu. Hufuatwa nyumbani, kwa salamu na kwa utulivu, naye hupewa nafasi ya kukataa.

Ndiyo maana nasisitiza kwa vijiji vyote vinavyofikiria ukumbi: kabla ya msaragambo wa kwanza, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kabla ya tofali na mchanga, muhtasari usomwe tena katika kila kitongoji, watu wasikie kama maneno yao yamo. Aliyesikia neno lake likisomwa atakuja na jembe. Na bati litakapotoboka, hatasubiri mfadhili.