Mgeni Asiye na Mwenzi: Ibn Battuta Katika Pwani Yetu

Kusafiri peke yako huhesabiwa leo kuwa anasa ya watalii wa kisasa. Historia inakataa. Mwaka 1325 Ibn Battuta, kijana wa miaka 21, aliondoka Tangier, Moroko, kwenda kuhiji bila mwenzi wala msafara. Mwaka 1331 alifika pwani yetu, na simulizi lake linaonyesha jinsi mgeni wa peke yake anavyotazama. Mogadishu aliona vijana wakivilaki vyombo vya baharini kwa sahani za chakula zilizofunikwa, kila mmoja akijichagulia mfanyabiashara wa kumkaribisha kwake. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini hakukosa kuona kwamba watu walitembea pekupeku, na kwamba mlangoni pa msikiti waliteka maji kisimani, wakaosha miguu kabla ya kuingia.

Mtu atasema hakuwa peke yake: alijiunga na misafara ya mahujaji, akaoa njiani. Ni kweli, tena upweke ulimuuma: huko Tunis alilia alipoona watu wakisalimiana bila yeye kusalimiwa. Lakini machozi hayohayo ndiyo yaliyomvuta hujaji mmoja aje kumliwaza. Mwenye kundi hutembea na kwao. Asiye nalo huwategemea wenyeji, na anayewategemea huwajua. Raha ya msafiri huyu, basi, haikutokana na ushujaa wake tu. Ilijengwa na desturi ya waliompokea, na anayeitafuta leo aanze kwa kujifunza kusalimia.