Ulimi na tundu: istilahi za viungo vya mbao katika useremala

Katika useremala, ulimi ni ncha ya ubao iliyochongwa ikawa nyembamba kuliko ubao wenyewe, na tundu ni nafasi iliyochimbwa katika ubao wa pili ili kuupokea ulimi huo. Vikikutana vizuri hufanya kiungo kinachoweza kubeba kitanda, meza, kiti au mlango kwa miaka mingi bila msumari hata mmoja. Makala hii inaeleza maana na matumizi ya istilahi hizo mbili pamoja na jamaa zake, ngeli zake, na makosa yanayojitokeza mara kwa mara katika tafsiri za miongozo ya kazi za mikono, hasa ile inayoandikwa kwa ajili ya watu wanaojitengenezea samani katika karakana ndogo za nyumbani.

Umuhimu wa suala hili si wa kilugha tu. Anayefuata mwongozo wa useremala hukata mbao kwa neno aliloliona. Mfasiri akiandika "toboa" mahali palipotakiwa "chimba tundu lisilotokeza", ubao ulionunuliwa kwa fedha huharibika na hauna njia ya kurudishwa ulivyokuwa.

Kiungo, maungio, muungano

Neno la jumla kwa mahali pawili pa mbao palipoungwa kwa ufundi ni kiungo (ngeli ya KI-VI), kutoka kitenzi -unga. Neno hilo hilo hutaja sehemu ya mwili inapokunjika, kama goti na kiwiko, na pia kitu kinachotiwa chakulani kukipa ladha. Maana zote tatu zimo katika matumizi ya kila siku, na muktadha hutosha kumwongoza msomaji binadamu. Mashine za kutafsiri hazina uhakika huo: si ajabu kukuta "viungo vya kabati" vikigeuzwa kuwa bizari zilizohifadhiwa kabatini. Pale ambapo utata unawezekana, inashauriwa kuandika "viungo vya mbao" mara ya kwanza, kisha "viungo" peke yake.

Maungio hufaa kutaja mahali au mstari ambapo vipande hukutana, si ufundi uliotumika kuviunganisha. Kwa hiyo husemwa: "Kiungo ni imara, ila gundi imechuruzika kwenye maungio." Muungano na muunganiko hayafai hapa, la kwanza limeshikwa na siasa na hisabati, na la pili hueleza hali au tukio zaidi kuliko kitu kinachoshikika.

Kitenzi -unga kitofautishwe na -unda. Fundi huunga mbao mbili, lakini huunda kitanda au jahazi. -Unda hutaja kazi nzima ya kukipa kitu umbo na mwili, na kutokana nacho lugha imepata kiunzi na muundo. Sentensi "aliunga kabati" humwacha msomaji akiuliza kabati liliungwa na nini.

Ngeli na upatanisho

Ulimi umo katika ngeli ya U-ZI: ulimi umekaza, ndimi zimekaza. Tundu limo katika ngeli ya LI-YA: tundu limechimbwa, matundu yamechimbwa. Nomino hizo zikitajwa pamoja kama kiima kimoja, upatanisho unaokubalika ni wa VI, kwa kuwa ni vitu visivyo hai vya ngeli tofauti: "Ulimi na tundu vimepatana." Kitenzi -patana ndicho kinachofaa kueleza kwamba vipande viwili vimelingana kwa kipimo. "Vimefanana" ni kosa, kwani ulimi na tundu havifanani. Kimoja ni kinyume cha kingine.

Kwa tendo la kuingiza, vitenzi viwili hutumika. Kuchomeka ni kusukuma kitu kiingie ndani ya kingine, na kinyume chake ni kuchomoa. Kupachika ni kukiweka kitu mahali pake maalumu kikakaa, kama mshale unavyopachikwa katika upote wa uta. Mwongozo mzuri hutumia vyote viwili: ulimi huchomekwa kwa majaribio, huchomolewa, hupunguzwa kidogo kwa patasi, na mwishowe hupachikwa.

Tundu, tobo na shimo

Shimo huchimbwa ardhini au huwa na ukubwa wa kumezea kitu; halitumiki kwa kazi ya samani. Tundu ni uwazi mdogo, uwe umetokeza upande wa pili au haukutokeza. Tobo, pamoja na kitenzi chake -toboa, hudokeza kwamba uwazi umepita hadi upande wa pili. Tofauti hiyo ina faida kubwa, maana viungo vya ulimi viko vya namna mbili: vile ambavyo ncha ya ulimi huonekana nje, na vile ambavyo ncha hufichwa. Istilahi zinazopendekezwa ni tundu la kutokeza na tundu lisilotokeza. Kitenzi cha namna ya kwanza ni -toboa, cha namna ya pili ni -chimba pamoja na kina chake: "Chimba tundu lenye kina cha milimita 30."

Ulimi nao una utata wake. Kiswahili hutumia neno hili moja kwa ncha fupi inayoingia katika tundu na pia kwa ukingo mrefu wa ubao unaoingia katika mfuo wa ubao jirani, kama katika sakafu na dari za mbao, ilhali Kiingereza kina maneno mawili tofauti. Suluhisho si kubuni neno jipya bali kutaja jozi kamili: ulimi na tundu kwa kiungo cha kwanza, ulimi na mfuo kwa cha pili. Kinachopokea ndicho kinachotambulisha.

Istilahi za mwili

Majina ya zana za seremala yana historia ya safari za Bahari ya Hindi. Randa na karakana yana asili ya Kiajemi. Parafujo ni la Kireno, na skurubu, linalotaja kitu kile kile, ni la Kiingereza. Majina ya sehemu za kiungo, kinyume chake, yametoka mwilini na kubaki ya Kibantu: ulimi, jino, mkia, bega. Fundi aliyepokea chombo kutoka ng'ambo alikipokea pamoja na jina lake. Alichokichonga mwenyewe alikipa jina la kiungo alichokuwa nacho.

Bega linahitaji uangalifu. Mbao inapopunguzwa ili kutoa ulimi, hubaki ukingo wa mraba unaogusa uso wa ubao wa pili na kuuzuia usiyumbe. Baadhi ya tafsiri huandika "bega la ulimi", picha inayomshangaza msomaji kwa kuwa ulimi hauna bega. Ni bora kuandika bega la ubao, maana ndivyo ilivyo: ubao una mabega, na ulimi umetokeza katikati yake.

Kiungo cha pembe za masanduku na saraka kimeleta mgogoro mwingine. Kipande kimoja huchongwa vichwa vipana mwishoni na vyembamba shinani, kisha hupachikwa kati ya meno ya kipande cha pili, hata kisivutike kutoka upande wa mbele. Wanaotafsiri kutoka Kiingereza huandika "mkia wa njiwa". Wanaotafsiri kutoka Kifaransa au Kijerumani hulazimika kuandika "mkia wa mbayuwayu", kwa kuwa lugha hizo zilimchagua ndege mwingine. Matokeo ni kwamba mwanafunzi wa Bujumbura na mwenzake wa Nairobi huweza kusoma juu ya kiungo kimoja wakadhani ni viwili. Istilahi inayopendekezwa ni kiungo cha mkia na jino, inayofuata mtindo wa ulimi na tundu na kumwacha ndege yeyote nje. Mwinamo wa mkia huo kwa kawaida ni 1 kwa 6 katika mbao laini, kama msindano, na 1 kwa 8 katika mbao ngumu, kama mninga au mvule.

Viungo vinginevyo vielezwe waziwazi. Vipande viwili vilivyopunguzwa nusu ya unene kila kimoja, kisha kimoja kikalala juu ya kingine, hufanya kiungo cha kupandana. Vilivyokatwa nyuzi 45 ili vikutane kwenye pembe hufanya kiungo cha hanamu. "Kata hanamu" ni usemi wa zamani wa mafundi na hauhitaji mbadala.

Kitanda cha kamba: msamiati uliokwisha kuwepo

Kosa la kawaida zaidi katika miongozo mipya ni kubuni maelezo marefu kwa vitu vyenye majina. Kitanda cha kamba cha pwani ni mfano bora. Miguu yake ni matendegu (umoja: tendegu). Mbao ndefu za ubavuni ni mifumbati (umoja: mfumbati). Mbao fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo (umoja: kitakizo). Nafasi iliyo chini yake ni mvungu, ambao wasomaji wengi wanaufahamu kupitia methali isemayo kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. "Miguu ya kitanda" inaeleweka, lakini "mbao za pembeni za upande mrefu" ni mzigo usio na sababu kwa lugha yenye mfumbati.

Kitanda hicho kina matendegu manne, mifumbati miwili na vitakizo viwili, kwa hiyo ndimi nane na matundu manane. Katika kila tendegu matundu mawili huelekeana kwa pembe mraba. Fundi huyapisha kwa kimo ili yasikutane ndani na kuudhoofisha mti. Kisha kitanda huwambwa, yaani kamba hufumwa na kukazwa juu ya kiunzi. Kamba inapovuta, mifumbati na vitakizo husukuma ndimi zake ndani ya matundu, na hivyo uzito wa mlalaji huzidi kukikaza kiunzi. Kitenzi -wamba, kinachotumika pia kwa ngoma, ndicho sahihi hapa. "Kusuka kitanda" hutaja ufumaji na kuacha ukazaji, ilhali ukazaji ndio unaokishikilia kitanda.

Marufaa, kile kibao cha kukunjuka kinachowekewa msahafu, yanaonyesha ufundi mwingine: mikono yake miwili hupasuliwa kutoka ubao mmoja, na meno yaliyochongwa katikati hupishana na kuzunguka bila bawaba. Hapa hakuna ulimi wala tundu, na mfasiri asivitaje.

Aya ya mfano

Aya ifuatayo, inayoeleza utengenezaji wa stuli ya miguu minne, inaonyesha istilahi zikifanya kazi pamoja:

"Piga randa mbao hadi nyuso zote ziwe sawa, kisha hakikisha pembe zake kwa guni. Chimba matundu kwanza, halafu chonga ndimi zilingane nayo. Ni rahisi kupunguza ulimi kuliko kurekebisha tundu. Unene wa ulimi uwe takriban theluthi ya unene wa ubao: ubao wa milimita 45 hupewa ulimi wa milimita 15. Kata mabega kwa msumeno wa meno madogo. Chomeka ulimi kwa mkono. Ukihitaji nyundo ya mti kwa nguvu, ulimi ni mnene, na ukianguka wenyewe, ni mwembamba. Ikiwa tundu ni la kutokeza, pasua mwanya katika ncha ya ulimi, pachika, kisha gongomea kabari ndani ya mwanya. Kabari ikingame nyuzi za mguu, ili msukumo wake uelekee njia ya nyuzi. Ikilala sambamba nazo, mguu utapasuka. Maliza kwa msasa."

Maneno matatu katika aya hiyo yanahitaji maelezo. Guni hapa ni chombo cha kupimia pembe mraba. Wanafunzi wa ushairi wanalijua neno hili kwa maana ya shairi lenye kasoro ya vina au mizani, na maana hizo mbili zisichanganywe. Msasa ni jina la mti wenye majani makavu yanayokwaruza, yaliyotumika kulainisha mbao kabla jina halijahamia kwenye karatasi ya dukani. Nyuzi ndilo neno linalofaa kwa mistari ya asili ndani ya mbao. Lina uzito wa kiufundi, kwa kuwa mbao huvimba na kusinyaa kwa upana wake zaidi sana kuliko kwa urefu wa nyuzi zake. Katika muktadha huu "nyuzi 45" za pembe na "nyuzi" za mbao zisiwekwe katika sentensi moja.

Samani na thamani

Vitu vya mbao vya nyumbani huitwa samani (ngeli ya I-ZI) au, katika mazungumzo, fanicha. Maandishi kadhaa huandika "thamani za ndani", kosa litokanalo na wasemaji wasiotofautisha sauti /s/ na /th/. Thamani ni kiasi ambacho kitu hugharimu. "Samani zenye thamani" ni sahihi. "Thamani za mbao" hutaja bei, si viti.

Mapendekezo kwa mfasiri na mwalimu

Pale ambapo kitu kina jina la asili, kama mfumbati au kitakizo, jina hilo litangulie, na maelezo mafupi yafuate mara ya kwanza tu. Pale ambapo hakuna jina lililoenea, itumike jozi ya maneno ya kawaida yanayoonyesha kinachoingia na kinachopokea. Mkopo kutoka Kiingereza unaweza kutajwa pembeni, kwa kuwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi watakutana nao katika vitabu na mitihani, lakini usiwe ndio njia pekee ya kukitaja kiungo. Kabla ya kuchapisha, rasimu isomwe na seremala aliyeshika patasi mkononi: akichora mstari mahali pasipostahili, neno ndilo la kurekebishwa.